Laptop Inayofia Kinanie

Jumatatu, 15 Januari 2007

Nimefuta mezani vumbi la simiti linaloletwa na malori kabla ya kuweka laptop. Betri imejaa. Nimefunga kifuniko saa kumi na mbili unusu, taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa. Maana yake imelala. Mama akaitia begani akaenda kazini.

Jioni imerudi imekufa tena. Mama anasema mchana aliikuta ya moto mezani pake, kama chapati. Siku ya nne sasa.

Shule ya Mama iko Kinanie na haina stima. Laptop ikiwa macho, betri haidumu hata kwa saa tatu. Ikilala inamaliza kutwa. Kwa hivyo lazima ilale Mama anapokwenda darasani. Hailali. Au inalala kisha inajiamsha. Sijui.

Ni mimi niliyeiwekea mfumo mpya, Linux. Desemba, baada ya mtihani wa kidato cha nne, nilipokuwa sina kazi ila kufuma vitambaa. Ilikuwa imejaa virusi, haifungui hata barua. Hassan wa saiba, pale tunapolipia intaneti, akanipa CD. Nikamwambia Mama itakuwa nzuri. Mama akamwambia mwalimu mkuu itakuwa nzuri.

Jumanne, 16 Januari

Majina thelathini na mawili yamepotea. Mama alikuwa anaandika orodha ya watahiniwa wa darasa la nane, kengele ikalia, akafunga kifuniko akaenda kufundisha. Aliporudi, giza. Nimemwonyesha tena pa kubonyeza ili kuhifadhi. Alidhani kufunga ndiko kuhifadhi.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Baadaye, akikata sukuma wiki, akanieleza bila kunitazama. Mwalimu mkuu, Bwana Mutiso, amesema mbele ya walimu wote kwamba msichana wa Mwalimu Mbithe ameiharibu mashine ya shule. Jumamosi ya tarehe 27 anaipeleka kwa fundi Nairobi aifute Linux. Mama alimwomba asubiri mpaka siku hiyo. Alisema ninajua ninachofanya.

Sijui ninachofanya.

Alhamisi, 18 Januari

Nimeenda saiba. Hassan aliponiona mlangoni akasema, "Sasa, injinia." Watu wawili wakageuka. Nilitamani kurudi nyumbani.

Amenionyesha tovuti ambapo watu wanaripoti hitilafu za Linux. Unaandika kwa Kiingereza na dunia nzima inasoma. Nimeandika nusu saa. Kisha nikawaza kuna mtu huko atacheka. Sikutuma. Nikalipa nikaondoka.

Ninajichukia kidogo leo.

Ijumaa, 19 Januari

Nimetuma. Nilifumba macho nikabonyeza.

Niliandika hivi: laptop ya shule hailali kifuniko kikifungwa, inapata moto na betri inaisha. Nikataja aina ya mashine na toleo la Linux. Nikaongeza kwamba nyumbani inalala vizuri, shuleni hailali. Hiyo sentensi ya mwisho nilitaka kuifuta. Inasikika kama ya mtoto.

Jumamosi, 20 Januari

Nimefunga na kufungua kifuniko mara ishirini. Imelala mara ishirini, imeamka mara ishirini. Nimeitia kwenye begi nikatembea nayo mpaka reli na kurudi, nikiitikisa kama Mama anavyotembea. Imelala tu.

Mama alinitazama dirishani. Akauliza kama ninaibembeleza.

Jumatatu, 22 Januari

Nimejibiwa!

Anajiita Marek. Sijui yuko nchi gani. Hakucheka. Ameuliza maswali sita, moja chini ya lingine, kama daktari. Je, ikiamriwa ilale kutoka kwenye menyu, inalala? Feni inazunguka? Ameomba pia faili fulani ambayo mashine inaandika yenyewe kila kifuniko kinapofungwa au kufunguliwa, pamoja na saa. Sikujua mashine inaandika shajara.

Leo jioni laptop imerudi imekufa. Majina kumi na manane. Angalau aliyahifadhi.

Jumanne, 23 Januari

Nimepeleka faili kwa flashi. Hassan amenisaidia kuipandisha kwenye tovuti. Hajaniita injinia. Amevuta kiti akasoma na mimi.

Marek alijibu kabla sijaondoka. Sentensi mbili. Mashine haina tatizo la kulala. Mashine inasema kifuniko hakikufungwa.

Nimesoma faili mwenyewe kwenye skrini ya saiba. Ni kweli. Kila siku kifuniko kinafungwa mara mbili tu: asubuhi saa kumi na mbili unusu, na usiku kabla ya kulala. Zote ni mimi. Katikati, Kinanie, hakuna kitu. Kinafunguliwa asubuhi, basi.

Mama anasema anafunga kila kengele ikilia.

Mmoja wao hasemi kweli. Nami siwezi kumwambia Mama maneno hayo.

Jumatano, 24 Januari

Nimemwambia. Si hivyo hasa. Nilimuuliza kwa upole kama labda kuna siku alisahau kufunga.

Aliweka kijiko chini. "Mwiitu, binti yangu, nimefundisha miaka kumi na tisa. Unafikiri siwezi kufunga kitu?"

Nikasema hapana, Mama. Nilisikia malori ya simiti mpaka chakula kikaisha.

Zimebaki siku tatu. Kesho ninaenda naye Kinanie. Nimeomba kwa kisingizio cha kumsaidia kuandika majina. Amekubali bila kunitazama.

Alhamisi, 25 Januari

Nimeona.

Nilikaa kwenye kona ya chumba cha walimu. Mama aliandika jina moja, akatafuta herufi, akaandika lingine. Kengele ikalia. Akahifadhi, vizuri kabisa. Kisha akavuta droo, akatoa kitambaa.

Kitambaa changu. Cheupe, chenye maua yaliyoinuka, nilichofuma baada ya mtihani nikakitia wanga mpaka kikasimama kama karatasi. Nilimpa shule zilipofunguliwa, cha meza yake ya kazi. Akakikunja mara mbili, akakitandika juu ya vitufe vya herufi ili vumbi lisiingie, akashusha kifuniko kwa mikono miwili, taratibu, kama anayefunika mtoto. Akaenda darasani.

Nilisogea. Kati ya kifuniko na mashine kulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Pale ukingoni kuna kidude kidogo kinachobonyezwa kifuniko kikifika chini. Hakikufikiwa. Taa haikupepesa. Feni ilikuwa inavuma.

Nikatoa kitambaa. Nikafunga. Taa ikapepesa.

Mama alifunga kila siku. Mashine nayo iliandika kweli.

Hapo Bwana Mutiso akaingia. "Haya, umepata ugonjwa wa hiyo Linux yako?"

Nilikuwa nimeshika kitambaa. Nikisema, ni Mama anayeaibika mbele ya mkubwa wake. Nisiposema, Jumamosi mashine inakwenda na Mama anabaki mtu aliyedanganywa na mtoto wake. Nikasema, "Bado, mwalimu." Akatikisa kichwa akatoka.

Nimedanganya.

Mama aliporudi nilimwonyesha kwa sauti ya chini, mara mbili, na kitambaa na bila kitambaa. Alitazama taa kwa muda mrefu. Akaniuliza ni hicho tu? Nikasema ni hicho tu. Nikamwambia pia nilimjibu nini Bwana Mutiso.

Akasimama. Nilidhani amekasirika. Akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa mwalimu mkuu, nami nyuma yake.

"Mwalimu, mashine ni nzima," alisema. "Ni mimi nilikuwa ninaivalisha blanketi. Huyu msichana hajaharibu kitu."

Bwana Mutiso alicheka mpaka akavua miwani. Mama hakucheka. Alisubiri amalize. Kisha akamuuliza kama safari ya Nairobi bado ipo. Akasema haipo.

Njiani tukirudi Mama alisema kitu kimoja. Kwamba kitambaa ni kizuri, asingekiacha kwenye droo bila kukitumia.

Ijumaa, 26 Januari

Nimemwandikia Marek. Imekuwa vigumu kuliko nilivyofikiri, maana wote wanasoma. Ningeweza kunyamaza tu, hakuna anayenijua. Lakini alitumia siku zake kwa ajili yangu, na ripoti ingebaki wazi, watu wakitafuta kosa lisilokuwepo.

Nikaandika kwamba Linux haikuwa na kosa. Kwamba huku kwetu kila kitu cha thamani kinafunikwa kwa kitambaa: viti, redio, televisheni. Kwamba kitambaa nilikifuma mimi. Sikumtaja Mama.

Hassan alisoma begani kwangu. Akasema, "Tuma, injinia." Hakuna aliyecheka.

Jumapili, 28 Januari

Nimepita saiba baada ya kanisa. Marek ameifunga ripoti. Ameandika neno moja la kuonyesha si hitilafu. Chini yake ameongeza kwamba kwenye ukurasa wa mashine hii ameweka mstari mpya: hakikisha hakuna kitu juu ya herufi unapofunga. Ameuliza kitambaa hufumwa kwa uzi gani. Nitamjibu wiki hii.

Majina ni arobaini na saba, yote yamo. Kesho Mama anayapeleka.

Laptop iko mezani, imefungwa. Mama ametandika kitambaa juu yake, kwa nje. Amekinyoosha pembe zote nne. Taa ya kijani inaonekana kwenye matundu ya maua, inawaka, inazima, inawaka.