Kaka, Ulimwacha Mama Sakafuni

Kaka Festo,

Video uliyonitumia kutoka Ipogolo nimeiona. Umemaliza lile gemu letu la Kijapani, joka la mwisho limeanguka, na wewe unacheka. Hongera. Sasa irudishe nyuma, uangalie kushoto chini. Mama amelala sakafuni, uhai sifuri.

Unakumbuka tulivyowapa majina? Wewe mpiga upanga, mimi mchawi wa moto, na yule mganga mwenye fimbo tukamwandika Mama, kwa sababu alitibu kila mtu bila kuuliza kitu. Maandishi ya Kijapani hatukujua hata herufi moja; tulihesabu mistari tu, wa tatu ni dawa. Tulichoelewa ni namba. Wewe ulishika pedi ya kuchezea, mimi nikapiga hesabu: "Joka linapiga mia themanini, Mama ana mia sitini. Mkinge." Ukaniita bibi mhasibu. Lakini ulinisikiliza.

Vijana wa hapa Ilomba wanataka gemu za mpira. Letu wanalicheka, eti watu wamesimama kama foleni ya bombani. Nawaambia utamu uko hapo hapo. Mnapigana kwa zamu. Unaweza kwenda kuepua ugali, ukarudi, joka bado linakungoja. Na mkishinda mnagawana pointi za kukua, isipokuwa aliyelala chini. Huyo hapati kitu.

Ndiyo maana nimekasirika. Hakuna aliyekuharakisha. Dawa ya kumwinua ulikuwa nayo, namba yake inaonekana: moja. Zamu ilikuwa yako, ukachagua kupiga.

Nilimwonyesha Mama. Akauliza, "Huyo aliyelala ni nani?" Nikaifunga video. "Ni mimi, eti? Na Festo anacheka." Kisha akaomba nimgeuze, upande ule ulikuwa umemchosha.

Tangu apigwe na kiharusi hujaja hata mara moja. Kila ukipiga simu ni "kazi zimebana, mdogo wangu." Mabasi ya kuja huku Mbeya yanapita mbele ya gereji yako kila asubuhi, Kaka. Hela unatuma, sikatai. Ila mimi natengeneza simu za watu mchana, namlisha, namgeuza, na ugonjwa hauchezi kwa zamu.

Jana nimelianzisha gemu upya. Mama ndiye aliyebonyeza, kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki. Kitu cha kwanza likauliza jina la mpiga upanga. Nikataka kuandika langu, maana upanga nimeubeba mimi siku zote hizi. Mama akanizuia.

"Acha. Ataandika mwenyewe."

Basi kisanduku kiko wazi, kinawaka na kuzima. Gemu litangoja, limetengenezwa hivyo. Mama hakutengenezwa hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
bibi mhasibu.