Gari la Mama na Pikapu ya Marehemu Baba

Mwera,
Pangani, Tanga.
9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Qais,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe, Jumana na mwanenu Thuwaini. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Vuli imeanza kwa kusitasita, nazi zimeshuka bei, na magoti yangu yananikumbusha kila asubuhi kuwa mimi ndiye mkubwa wako.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Simu yangu Mama huisikiliza kuliko redio, na nikitaka kukurekodia sauti yuko ubavuni. Haya niliyonayo alinikataza kukwambia. Ndiyo maana nimempa binamu yetu Najla bahasha hii, anaondoka Jumatatu kuja Maskati.

Ni habari ya gari ulilomletea Mama. Kila unapopiga, Mama hukujibu kuwa linamchukua vizuri. Qais, tangu Agosti limetoka uani mara nne, na mara mbili limerudi likivutwa kwa kamba.

Asubuhi moja tulilikuta limekaa chini, tumbo karibu liguse mchanga. Mama akasema hiyo hasadi, watu wamelitia jicho. Akalifukiza udi nje na ndani, na kaa moja likachomoka chetezoni likaangukia kiti cha mbele na kukiunguza. Alama hiyo si ubovu wa gari, ni sisi. Fundi Edgar alipokuja alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe gari lako halikalii springi kama wenzake, linakalia mifuko ya upepo, na mmoja unavuja.

Nikamuuliza Edgar: gari la bei kubwa hivi laweza vipi kushindwa na la bei ndogo? Akasema si kwamba ni bovu. Lina vitu vingi tu, na kila kilichozidi ni kimoja zaidi cha kuharibika. Huko kwenu lina lami nzuri na fundi mwenye kompyuta inayojua maradhi yake. Huku likiugua hakuna wa kulisikiliza. Pikapu ya Baba ikikohoa, hata muuza samaki wa Kigombe anajua pa kuigonga.

Sasa lililoniuma. Daktari wa mtoto wa jicho huja Tanga siku moja kwa mwezi, na mwezi uliopita ilikuwa zamu ya Mama. Nilitaka twende na pikapu, akakataa katakata. "Mwanangu kaniletea gari," akasema, "nataka watu wanione ndani ya gari la mwanangu." Tulipofika Kigombe taa nyekundu ikawaka, likazima palepale. Mama alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Sikufichi, niliogopa sana, maana jicho lile lilikuwa limebakiwa na mwanga kidogo mno.

Nikampigia jirani yetu Eliudi, aliyekuwa akitupakilia nazi shambani. Akaja na pikapu ya marehemu Baba, nazi zingali nyuma. "Shikamoo Bi Mkubwa," akasema, "panda twende." Hospitali tuliingia wa mwisho, lakini tuliingia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata akiwa na mlango uliobonyea.

Na pikapu hiyohiyo ndiyo umeagiza iuzwe, eti inatuaibisha! Dalali wako Mutasim anakuja kuichukua Jumamosi ijayo, na jicho la pili la Mama ni mwezi ujao. Mpigie asije. Nakuomba kama dada, na kama kuomba hakutoshi, basi nakuamrisha.

Mfuko mpya wa upepo Edgar ameuulizia. Lazima uagizwe nje, na bei yake ni kama tiketi ya ndege ya kuja na kurudi. Usiununue.

Maana jicho lilipofunguliwa bendeji, Mama aliniambia nimpeleke bandani. Alilitazama gari lako kitambo, akapitisha kiganja juu ya boneti. "Mashallah, zuri kweli," akasema. Kisha akaniambia, "Lakini mimi niliomba jicho nimwone mwanangu, si gari lake." Ni miaka saba, Qais. Nililia, nawe ukilia huko usione haya.

Eliudi na mkewe Ruthi wanakusalimu sana, na Edgar naye, ingawa bado anacheka. Mpe Jumana salamu zangu na umbusu Thuwaini mashavu yote mawili. Mwenyezi Mungu awahifadhi na awafungulie njia.

Ukija, usimwambie Mama kuwa nilikuandikia. Mwambie umejijia mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukugombeza,

Turkiya