Kitambaa cha Mama Mkwe

Temeke, Jumanne, 9 Februari 1999

Na leo tena. Nikiandika jina la tovuti, kompyuta zangu zote mbili za kazi hapa nyumbani hazilipati. Nikiandika namba yake ya mtandao badala ya jina, inafunguka. Baadaye jina linakubali, mie naonekana mwongo.

Fundi kaja mchana. Mke wangu akaondoa kitambaa juu ya modemu, kile kisanduku cha intaneti, ili fundi aione vizuri, na kila kitu kikafanya kazi. "Mbona iko sawa, braza?"

Alipoondoka, kitambaa kikarudi, majina yakapotea. Nikaigusa modemu: ya moto kama pasi. Kumbe ni joto tu: ikichemka, inashindwa kutafuta majina.

Lakini kitambaa kakifuma mama mkwe, na tunaishi naye. Nitaanzia wapi? Na kazi za wateja wangu zimekwama.

Jioni nimemkuta anafuma kingine. "Hiki cha kompyuta, baba, vumbi lisiingie."

Nikasema, "Ahsante, mama."