Kikombe nilichokunywa kisimani kwa Akidor

Gatwech rafiki yangu, uko? Usinipigie, soma tu.

Leo amekuja mtafiti hapa Lodwar, anaitwa Abigael. Ametuonyesha kwenye kompyuta jinsi zebaki, ile sumu ya wanaosafisha dhahabu huko juu ya mto, inavyobebwa na mafuriko hadi inatulia mchangani kwetu. Inapotulia amepaka nyekundu. Akasema visima vya pale kwenye kona ya mto vifungwe, tuchimbe vingine juu zaidi.

Mimi nikaona anatukana mto wetu. Unanijua.

Nikashuka mchangani, nikachota kisimani kwa dada yangu Akidor, pale pale kwenye nyekundu, nikanywa mbele ya wote. Kikombe kizima! Halafu nikaghani: "Mto ulionyonyesha mama zetu hautaua watoto wao." Makofi! Watu wakaondoka wakimcheka Abigael.

Yeye akaniambia polepole, "Kaka, kikombe kimoja si kitu. Namwogopea anayekunywa hapa kila siku akiwa na mimba."

Gatwech, Akidor ana mimba.

Nimekimbia kwake. Nimempigia magoti, mimi! Unajua desturi yetu, kisima ni cha aliyekichimba, siwezi kukifukia. Amenicheka: "We Ekeno, umekunywa watu wakikuona, sasa mimi ndiye niogope?"

Nimemwambia nilikosea. Nimerudia. Hasikii.

Sasa hivi ameinama kisimani anajaza mtungi, anauimba ule mstari wangu. Anamwimbia mtoto tumboni.