Kabichi za Sista Hedwiga

Asnath, uko wapi? Nimeaibika sasa hivi hapa Same, kwenye jubilei ya shule yetu.

Sista Hedwiga bado yupo. Nampa shikamoo, hata marahaba haitikii. Ananiuliza, "Zile kabichi zangu mlizing'oa saa ngapi?"

Kabichi za mwaka 1974, shoga. Zile tulizohamishia kwenye tuta letu lililokauka, masista wakiwa kwenye rozari, maana bila kufaulu Kilimo hupewi cheti.

Nikamwambia, "Lakini Sista, Kilimo ulinipa A."

"Hukukata hata mzizi mmoja, A ulistahili. Ila Idara ya Dini nayo nilikuwa naisimamia mimi."

Dini nilipata D, Asnath. Miaka hamsini namlaumu msahihishaji.

Hivi wewe ulipata ngapi?