Kutembea Si Sababu

Jumatatu, 6 Julai 1953

Kaptula za kaki tangu asubuhi, zote za yule mzungu wa pamba, zote anataka zipanuliwe kiunoni. Anakula vizuri. Cherehani inalia upande wa kanyagio. Nimeipaka mawese kwa kuwa mafuta yake yamekwisha. Zaina, mke wangu, kakunja pua.

Dereva Sumaili amerudi kutoka ziwani. Kamio yake, lile lori la mizigo, imejaa dagaa, mtaa mzima unanuka. Ameniletea salamu za shangazi Mwamini wa Baraka. Anauliza kama bado niko hai. Anasema macho yake yameanza kuingia ukungu, na kama nataka anione, nisikawie.

Huyu ni dada ya baba. Mama alipofariki ndiye aliyenilea. Alipoolewa huko ziwani nilikuwa sijaota ndevu, na sijamwona tena. Kila mwaka nasema mwaka huu nitakwenda. Mwaka huu nakwenda.

Nimechora njia kwa chaki juu ya meza ya kukatia nguo. Kasongo. Kabambare. Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Fizi, milimani. Baraka. Baada ya Baraka nimepaka chaki mpaka ukingo wa meza: hilo ndilo ziwa. Zaina ameuliza nguo za watu zitakatiwa wapi.

Nataka ninawe uso kwa maji yale. Nataka nile samaki aliyetoka majini siku hiyo hiyo. Nataka shangazi aniite Kadogo, maana hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita hivyo. Basi.

Gauni lake limekwisha. Maua mekundu, mikono mirefu. Nimelikata kwa kumbukumbu: mwanamke mnene, mabega mapana, akisimama mlangoni chumba kinaingia giza. Na yuko mbuzi dume mweupe nyuma ya nyumba. Naye ni wake.

Jumatano, 8 Julai

Biro ya teritwari, ofisi ya wilaya. Mtu hatoki teritwari bila karatasi ya njia, na karatasi haitoki bila sababu. Anayeandika ni Karani Anderea, Mkristo, mtoto wa wakulima wa huko nje ya mji. Mtu mwema. Suruali aliyoivaa nilimshonea mimi.

"Sababu iko nini, Fundi?"

"Kutembea. Kuona ziwa na kusalimu shangazi yangu."

"Kutembea haiko sababu. Kazi iko sababu. Ugonjwa iko sababu. Kifo iko sababu. Nikiandika kutembea, muzungu ataniuliza: huyu mutu anakimbia nini?"

Sikimbii kitu. Yule wa pamba hupanda meli kwenda kwao, suti ya safari namshonea mimi, na sijasikia akiulizwa anakimbia nini.

Alhamisi, 9 Julai

Nimeharibu kaptula. Nimekata mguu mmoja mfupi. Hasira tupu.

Jumamosi, 11 Julai

Sumaili kaja barazani, kala karanga zangu zote, kisha kasema la kufanya ni moja tu.

"Umuue. Kwa mudomo tu. Ukifika Baraka atafufuka. Miye ndiye niliyeleta habari, nitashuhudia kwa karani."

Nilimfukuza. Nikamwita arudi.

Sipendi. Shangazi ni mzima. Lakini kila nikitazama meza naiona ile chaki. Zaina sitamwambia. Uso wake hauwezi kuficha kitu. Akiulizwa na mke wa karani kisimani, tumekwisha.

Jumatatu, 13 Julai

Nimesema. Nilitazama chini wakati wa kusema. Sumaili akatia na chumvi: homa, siku mbili tu, akazikwa pembeni mwa mumewe. Karani Anderea alisimama, akanipa mikono yote miwili. Macho yakamlowa. Sikutegemea hilo.

Mzungu kapiga sahihi bila kuinua kichwa. Karatasi ninayo mfukoni. Mwisho wake mwisho wa mwezi. Atakayekutwa njiani baada ya hapo ni jela.

Ila muhuri ulichelewa. Sumaili alikuwa na mzigo wa watu, hakuweza kuningoja. Kamio imeondoka bila mimi. Kasema atamwambia shangazi naja nyuma yake na kamio itakayofuata.

Jumanne, 14 Julai

Sikufikiri mke wa karani atakuja mwenyewe.

Alikuja asubuhi na kuni kichwani, analia tangu barabarani, wanawake wengine nyuma yake. Kasongo wanawake wakisikia kilio hawaulizi. Wanajifunga kanga kiunoni wanakwenda. Zaina alikuwa anapepeta mchele. Alidhani ni mama yake. Alipoambiwa ni shangazi Mwamini, akaangusha ungo, akakaa chini, akalia kweli kweli. Ni shangazi aliyetutumia kitambaa tulipooana.

Adhuhuri mikeka ilijaa uani. Waislamu, Wakristo, hata watu nisiowajua. Ningeweza kusema ukweli. Nilifungua mdomo. Karani Anderea alikuwa mkeka wa mbele, viatu amevua.

Nimefunga mdomo. Nimekaa mkekani. Baadaye nikalia na mimi, kwa woga.

Jumatano, 15 Julai

Wazee wamenikataza nisiondoke. Wanasema marehemu amekwisha kuzikwa, wa kukimbilia nani? Huwezi kuacha watu wanalia uani kwako ukapanda kamio. Ngoja kisomo. Na kweli, kamio yenyewe haipo.

Nimemwambia Zaina, chumbani, kwa sauti ya chini. Alinitazama muda mrefu. Akatoka nje akaendelea kulia, na sasa analia vizuri kuliko jana, kwa sababu ana hasira na mimi.

Alhamisi, 16 Julai

Kisomo. Mwalimu wa msikiti kasoma, vijana wakaitikia, jina la shangazi likatajwa tena na tena.

Walihitaji kitoweo. Wamemchinja yule mbuzi mweupe. Mbuzi wa shangazi kaliwa katika matanga ya shangazi, na shangazi mwenyewe hakuonja.

Sahani zilipangwa juu ya meza yangu. Wali na mchuzi. Waliposafisha, wakafuta na njia yangu ya chaki. Kasongo imebaki, na kipande cha Kabambare.

Wanawake waliona gauni jipya. Wakasema litolewe sadaka kwa ajili ya marehemu. Nimelificha ndani ya kifuniko cha cherehani.

Ijumaa, 17 Julai

Baada ya sala nimemwambia Mwalimu. Sikuweza kukaa nalo.

Kwanza alikasirika mpaka kilemba kikamlegea. Kisha akasema, "Na ile mbuzi nilikula." Mwisho kaniambia nisirudi Kasongo bila kumwomba shangazi radhi, uso kwa uso. Na akisikia nimekwenda kuchezea maji tu, atanitaja mbele ya watu.

Kwa hiyo sasa lazima nifike. Zamani nilitaka tu.

Jumatatu, 20 Julai

Hakuna kamio. Iliyokuwapo imevunjika kitu upande wa Lusangi, imelala huko. Karatasi inakula siku zake mfukoni. Zaina ananipa chakula, hanipi maneno.

Jumanne, 21 Julai

Karani Anderea kapita. Kaniuliza mbona sijaondoka, kama nina shida anisaidie. Wema wake unaniumiza kuliko fimbo.

Amenitafutia nafasi kwenye kamio ya pamba kesho.

Jumatano, 22 Julai

Juu ya marobota. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Zaina alinifungia mikate ya mchele, na wakati kamio inawaka akaongea mwishowe: "Baba Amina, ukimukuta muzima, umwambie miye nililia kwa roho yangu yote. Asifikiri tulicheza."

Nimefurahi kiasi cha kusahau kofia.

Pancha mbili. Tumelala njiani.

Alhamisi, 23 Julai. Kabambare

Naandika haya usiku huu huu.

Tulifika mchana. Nilikwenda sokoni kuuliza kamio ya kwenda kwenye dhahabu. Nikaiona kamio ya Sumaili imeegeshwa, dagaa juu yake. Na kwenye kivuli chake, amekaa juu ya furushi, kikongwe mdogo anakula muhogo wa kuchoma.

Sikumjua. Nilimsalimu kama mtu anavyomsalimu mzee yeyote, nikataka kupita nimwone Sumaili.

"Kadogo," akasema. "Weye unapita tu hivyo?"

Sauti ndiyo ile ile. Mengine yote yamepungua.

Alinielezea huku anatafuna. Sumaili alimfikishia habari kwamba amekufa na mimi naja. Akacheka sana. Akangoja. Sikuja. Akaona wamenikamata, na kosa ni lake, kwa kuwa ndiye aliyeniita. Akaamua kunifuata. Na yeye vilevile, mwaka huu alikwisha kuomba karatasi aje kuona kaburi la mama yake Kasongo, wakamwuliza sababu. Akasema kutembea. Wakamrudisha nyumbani.

"Basi safari hii nikawaambia Kadogo amekufa Kasongo. Nililia kabisa, mbele ya muzungu. Wakanipa siku nyingi kuliko zako."

Na majirani zake wakaja na mikeka. Baraka wamenililia mimi. Walichinja bata.

Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi nikaomba radhi. Kasema radhi nimepewa, niinuke, watu wanatazama. Akaniomba na yeye. Tumecheka mpaka Sumaili akatoka chini ya kamio na spana mkononi kuona kuna nini.

Ijumaa, 24 Julai. Kabambare

Tumefikia kwa mtu wa ukoo wa mumewe. Chumba kizuri.

Nimempa gauni. Akalivaa. Likamwagika. Mabega yakafika kwenye viwiko, maua mekundu chini yote yanafagia sakafu. Mimi fundi wa miaka yote hii nimekata nguo ya mtu asiyekuwepo tena. Niliona aibu, na kitu kingine kibaya zaidi ya aibu.

Yeye hakuona neno. Kasema, "Punguza."

Nimekaa mchana kutwa na sindano. Nimempima upya: bega, kifua, mkono. Mifupa kama ya ndege. Nilipofunga uzi wa kupimia kiunoni ulibaki mrefu mkononi mwangu. Alikuwa amesimama, ananishika kichwa ili asiyumbe, kama nilivyokuwa namshika yeye nikiwa mdogo ananivalisha kanzu.

Nilimwuliza ziwa likoje. Kasema ni maji. Huosha vyombo humo.

Jumamosi, 25 Julai. Kabambare

Siku zangu hazitoshi yote mawili. Nikirudi naye Kasongo, ziwa basi. Nikienda ziwani, nalala huko usiku mmoja, narudi na kamio ya samaki kabla karatasi haijafa. Na yeye Sumaili atamrudisha Baraka kabla sijafika Kasongo. Tukikutana tena njiani ni bahati ya kamio tu.

Nilisema nitarudi naye. Nilisema haraka kabla sijabadili mawazo. Nilitaka kumpeleka mimi mwenyewe kaburini, nimwoneshe Zaina, nimkalishe kwenye kiti changu.

Alikasirika. Ndipo nikamwona shangazi wangu mzima, mnene, anajaza mlango.

"Weye ulinizika ili uone maji, na sasa unarudi bila kuyaona? Watu walinililia bure? Enda, Kadogo. Miye nimekwisha kukuona. Miye nataka kuona mama yangu."

Kuhusu biro ya Kasongo haogopi. Karatasi yake imeandikwa kifo cha Kadogo, na Kadogo karani hamjui; yeye mwenyewe wamemwandika kwa jina la mumewe. Mtaani atasema ni mdogo wa marehemu. Atapokea pole zote yeye mwenyewe. Wale vikongwe wanaomkumbuka watakimbia, kasema, na angependa sana kuona hilo kwa haya macho yaliyobaki.

Nimempa salamu za Zaina, neno kwa neno. Akasema atamlipa kilio chake.

Sumaili kawasha. Nilimpandisha mbele, pembeni ya dereva. Alikuwa mwepesi. Gauni limemkaa sawa. Sikuweza kupunga mkono.

Jumapili, 26 Julai

Salamabila jana, kamio ya machimbo. Leo milima. Baridi. Mawe. Mtu mmoja katapika. Namfikiria shangazi alivyopita njia hii hii akiwa juu ya dagaa.

Jumatatu, 27 Julai. Baraka

Nimefika alasiri. Mwajuma, binti ya shangazi, alikuwa anapalia nyuma ya nyumba. Alinitazama kama mzuka, kwa haki yake. Halafu akaniita Kadogo.

Chakula: samaki. Sijui jina lake. Nilikula wawili.

Jumanne, 28 Julai. Baraka

Niliteremka ziwani asubuhi, peke yangu. Nilinawa uso. Maji baridi, hayana chumvi. Kwa ukungu, upande wa pili hauonekani. Meza yangu ilikuwa ndogo sana.

Nilidhani nitapiga kelele au nitaomba dua ndefu. Nilisimama tu. Wanawake walikuwa wanaosha masufuria, wakaniuliza ninatafuta nini. Nikasema sitafuti kitu, natembea. Hawakuuliza zaidi.

Kamio ya samaki inaondoka alasiri. Nangoja barazani kwa shangazi. Mwajuma kanionesha kigoda anachokaliaga mama yake. Kifupi, magoti yananifika kifuani. Nimekaa hivyo hivyo. Huko Kasongo, kama Sumaili hakupata pancha, shangazi na yeye amekaa kwenye kiti changu, na miguu haifiki chini.