Mwalimu wa Nasari na Kodiani Yake

Kwa Baba yetu, Ndung'u wa Macharia, wa Ruiru

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache, na bado watu wakikutana na Mama sokoni wanampa pole halafu wanaanza kucheka. Mama hawakasirikii. Anasema hata yeye huanza hivyo hivyo.

Tumeketi naye hapa tukikuandikia haya. Mwanao Macharia ameshika kalamu, na kila tukitaka kukusifu kupita kiasi Mama anatukatiza: "Andikeni ukweli. Huyo alikuwa akikoroma." Basi tumeandika. Ulikuwa ukikoroma.

Ulikuwa mpole pia, na hilo Mama amelipitisha. Hukuweza kumpita mtoto mwenye kamasi bila kuchomoa leso, awe wa jirani au wa Harbans mwenye duka. Kuna Jumapili ulimfuta hata padri aliyekuwa na mafua, ukaomba msamaha mpaka sadaka.

Lakini vijana hawajui ulivyoingia ualimu. Ulimfuata Mama, si kazi.

Mwaka wa 1957 ulikuwa mpiga kodiani, kile kinanda cha kuvutwa kifuani, kwenye arusi, wewe na rafiki yako Mburu, aliyegonga karing'aring'a, kile chuma cha duara. Siku zile za Hali ya Hatari watu walicheza mchana, kwa kibali cha chifu, wakacheza mwomboko: hatua mbili, inama, inuka. Wakonyo, yaani Mama, alikuona ukipiga pale Ruiru akakupenda. Babake, babu yetu Guka Kagwe, mzee wa kanisa, alikuona pia.

"Msichana wangu haolewi na kodiani," alisema. "Mimi nataka mwalimu."

Kozi pekee iliyokukubali ilikuwa Thika, kwa Induben, mama wa Kihindi aliyekuwa na nasari ya watoto wa wafanyakazi wa kiwandani. Wenzako wote walikuwa wanawake. Mlikalia viti vya watoto, na wewe kwa urefu wako magoti yalifika masikioni. Guka ulimwambia tu kwamba unasomea ualimu. Hukusema wa watoto gani, naye hakuuliza. Kichwani mwake alikuwa ameshakuvisha suti na kukupa kiboko.

Muziki hukuacha. Guka aliposikia alisema mshika mbili moja humponyoka. Wee, afadhali zingeponyoka! Zilichanganyika. Katikati ya arusi moja ulisimamisha kodiani ukawauliza wageni, "Nani anataka kwenda choo?" Wazee watatu wakainua mikono. Mburu aliapa hatapiga nawe tena, na Jumamosi iliyofuata mkapiga.

Ikafika siku ya mtihani. Ulitakiwa kufundisha mbele ya inspekta, mama mmoja Mzungu kutoka Nairobi. Ukianguka hakuna cheti, na bila cheti Guka alikuwa na mtu wake tayari, karani wa reli, kijana wa nywele za kuchanwa katikati. Induben naye alikuonya mapema: "Ndung'u, leo kodiani hapana. Hadithi, uji, watoto walale. Bas."

Uliiacha nyumbani, Baba, tunakushuhudia. Lakini mlikuwa na arusi Ruiru mchana huo huo, basi Mburu akaja kukuchukua na kodiani begani. Akaona mlango wazi akaingia kusalimu. Nyuma yake akaingia Guka na koti lake la kanisa, amekuja kumwona mwalimu wake akifundisha. Nyuma ya Guka akaingia Mama, mbio, amekuja kuzuia balaa.

Walikukuta mbele ya inspekta, sakafuni kwa mikono na magoti. Ulikuwa mbuzi wa hadithi, na mtoto amekupanda mgongoni.

"Ngai!" Guka akasema. "Huyu ndiye mwalimu?"

"Ni mbuzi," mtoto mmoja akamweleza.

Watoto walipoona kodiani, kwisha. Wakati wote wa mazoezi ulikuwa umewazoesha: kodiani ikiingia, kila mtu anamshika mwenzake, wanasimama wawili wawili kama arusini. Wakasimama, wakakungoja. Induben akajifunika uso na sari. Ungefanya nini? Ulivaa kodiani ukapiga. Hatua mbili, inama, inuka, nasari nzima, na uji bado mdomoni.

Msichana mmoja, Magdalene, alibaki bila mwenzake. Akatazama huku na huku, akaenda mlangoni akamshika Guka mkono. "Guka, na wewe huna mtu. Kuja."

Guka alisema aliacha ngoma alipobatizwa. Alilisema hilo mara mbili, kwa sauti, huku miguu yake imeshaanza. Na alijua, Baba! Mama anaapa kwamba kabla ya siku ile hakujua babake ana kiuno. Hatua mbili, akainama. Watoto wakainuka. Guka hakuinuka. Goti lilikuwa limekataa.

Kodiani ikanyamaza. Watoto wakadhani hivyo ndivyo wakubwa wanavyocheza, wakainama tena wote, wakatulia wakimngoja. Guka, uso umeelekea sakafuni, hakuona ila viatu vidogo pande zote. Akaita:

"Mwalimu! Mwalimu Ndung'u, kuja unitoe hapa!"

Ulimwinua kama mlivyofundishwa kumwinua mtoto aliyeanguka, taratibu, kwa maneno matamu, ukampangusa vumbi magotini. Inspekta alikupasisha. Alisema hajawahi kuona watoto wanaomngojea mtu kwa adabu vile. Njiani Guka alimwambia Mama jambo moja tu: yule karani aambiwe asije.

Ulifundisha nasari na kupiga arusi mpaka nguvu zilipokuisha, na hakuna kazi iliyoidhulumu nyingine. Mama amecheka sana tulipofika hapa, kisha amelia, tukaweka kalamu chini. Tunaandika kama alivyosema: "Mwambieni nyumba imenyamaza mno. Mimi sikuolewa kwa ajili ya kimya."

Tunakukosa, Baba. Ni sisi: mkeo Wakonyo, wanao Macharia, Idah na Kagwe, wajukuu wako wote, na Mburu, aliyesema tusisahau kumwandika.

Maisha yetu yote hatutakusahau.